Saa ya Karani Ina Bei

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lawahusu pia askari na polisi wanaokaribia kustaafu, hasa wenye taaluma ya ukarani, upimaji ardhi au uhasibu.

Tuitazame Mvara, penye kanisa kuu la Emmanuel. Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na wafanyabiashara wake huvuka mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Watu hao wahitaji hesabu safi.

Tuchukue mfano wa karani mstaafu afunguaye ofisi huko. Kwa mwezi, chumba ni shilingi 200,000. Karatasi, simu na umeme 100,000. Chakula na ada za watoto 600,000. Jumla 900,000. Afanya kazi siku 24, lakini kila siku saa 5 tu ndizo hulipiwa. Zilizosalia huishia katika kutafuta wateja na kudai madeni. Hizo ni saa 120. Basi saa moja isishuke chini ya shilingi 7,500.

Akitoza 5,000 kwa kuwaonea haya jamaa na maafande wake wa zamani, kila mwezi 300,000 zitatoka katika kiinua mgongo, kimya kimya. Akitoza 10,000, atabakiwa na 300,000 kabla ya kodi ya serikali.

Sisi wanajeshi tumezoea utumishi usiouliza bei, na hiyo ni sifa yetu. Lakini mstaafu ni mwenye duka, na bidhaa yake ni saa. Ndugu askari, jifunze kuzihesabu kabla ya kuvua magwanda.