Si kila kuku anayekoroma ana mafua

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuku. Kuku jike ambaye hajaanza kutaga ni tembe, aliyekwisha kutaga ni koo, na jogoo mchanga ni pora. Mwenye shingo tupu ni kishingo, mwenye manyoya yaliyopinda na kusimama ni kidimu, na yule mrefu wa pwani asifiwaye kwa kupigana ni kuchi. Lugha iliyomtazama ndege huyu kwa makini kiasi hicho ingetarajiwa kuwa na maneno mengi pia ya maradhi yake. Lakini kuku akikoroma usiku, akipiga chafya au akitweta mdomo wazi, aghalabu husikika neno moja tu: mafua.

Mimi ni mtu wa isimu, si daktari wa mifugo. Hata hivyo, nashikilia kwamba neno hili moja linatugharimu kuku wengi, kwa kuwa jina huelekeza mkono. Aliyekwisha kusema "mafua" amekwisha kuamua kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza na kwamba tiba yake iko katika pakiti ya dukani. Haoni tena haja ya kuinama akalichungulia banda.

Wataalamu hutenganisha mambo ambayo sisi tunayafunga katika furushi moja. Kuna kideri, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita pia mdondo. Hicho huletwa na virusi, na huweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuna mafua yenyewe ya kuku, yaletwayo na bakteria, ambayo huvimbisha uso na kutoa kamasi zenye harufu mbaya. Kisha kuna kundi la tatu ambalo hatujalipa jina, nalo ni la kuku aliyeharibiwa pumzi na hewa anayolala nayo.

Mapafu ya ndege si kama yetu. Hayapanuki na kusinyaa. Hewa hupitishwa ndani yake na vifuko vinavyoenea hadi tumboni na hata katika baadhi ya mifupa. Mpango huu humwezesha ndege kunyonya oksijeni kwa ufanisi mkubwa, lakini sumu nayo hunyonywa kwa wepesi ule ule. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliwabeba kanari migodini ili ndege hao wawatangulie kuonyesha hatari, desturi iliyokomeshwa mwaka 1986.

Sasa na tutazame mahali kuku wetu wanapolala. Katika nyumba nyingi za mashambani hufungiwa jikoni kwa kuchelea wezi na vicheche, na humo huvuta moshi wa kuni usiku kucha. Vifaranga nao huwekewa jiko la makaa katika chumba kilichozibwa ili wapate joto. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Maranda ya kutandika yakilowa huota ukungu, na chembe zake huingia mapafuni. Tena kuna kinyesi. Kikirundikana na kupata unyevu, bakteria hukivunjavunja na kutoa amonia, ile harufu kali iwashayo macho.

Wataalamu wengi hushauri amonia isizidi sehemu 25 katika kila sehemu milioni za hewa. Mfugaji wa kawaida hana kipimo, ila pua anayo. Ainame mpaka kimo cha kuku, asubuhi kabla ya kufungua mlango. Macho yakimchonyota kwa dakika moja, na afikirie hali ya kiumbe aliyekesha humo saa kumi na mbili.

Yamkini msomaji atauliza, kwani hewa chafu huleta kideri? La, kideri huletwa na virusi vyake. Lakini mwaka 1964 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuku waliovuta amonia waliambukizwa virusi hivyo kwa wepesi zaidi kuliko wenzao waliovuta hewa safi. Sababu yake inaeleweka. Koo la kuku lina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu na vijidudu, na amonia huvilemaza vinyweleo hivyo. Banda bovu ni mlango uliofunguliwa kwa ajili ya ugonjwa.

Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Banda la kuku linadai kinyume chake: ufa wa juu, karibu na paa, uachwe wazi ili hewa nzito itoke, na upepo uzuiwe chini wanapolala. Matandiko yaliyolowa yaondolewe, na jiko litengwe na kuku. Gharama ya haya ni jasho tu. Chanjo ya kideri nayo, ya tone la jicho, itolewe mapema na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, maana dawa ya kuua virusi hivyo haipo.

Tunayoyafanya badala yake yanatisha. Viuavijasumu hununuliwa na kutiwa katika maji ya kuku bila ushauri wa daktari. Dawa hizo haziui virusi, wala hazifukuzi moshi. Zinachofanya ni kuwazoesha bakteria, hata siku mtoto wetu atakapougua kweli dawa ikose makali. Mayai ya kuku hao nayo huliwa wiki ile ile.

Hapa ndipo ninapowaelekea walimu na wanafunzi. Vyama vya 4-K vilifufuliwa shuleni mwaka 2021, na shule nyingi zina banda la kuku. Mwalimu asiridhike kumfundisha mwanafunzi kutaja majina ya magonjwa. Amfundishe kuuliza: wanaokoroma ni wangapi? Wanaolala mtini wanakoroma pia? Wakitolewa nje siku mbili hupata nafuu? Wakianza kufa kwa wingi, afisa wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Kuku wa kienyeji ndiye benki ya akina mama wengi. Huuzwa ikatoka karo, sare na vitabu. Mtoto ajuaye kuuliza maswali hayo matatu anailinda karo yake mwenyewe.