Pogoa, Usifyeke



Hapa Ruangwa kupogoa si jambo geni. Mavuno ya korosho yakiisha, mkulima huingia shambani na msumeno, akaondoa matawi makavu na yanayosongamana, ili mwanga na hewa vipenye. Lakini mtu huyohuyo, bogenvilia ya langoni ikimchania shati, hushika panga na kuifyeka yote. Mkorosho unaleta fedha. Ua la miiba halina mtetezi.

Kabla ya kukata, tambua. Miiba ya bogenvilia hutokea pale jani linaposhikana na tawi. Zile rangi za zambarau, nyekundu au machungwa si maua yenyewe, bali majani mepesi kama karatasi. Ua halisi ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Tawi likitoa utomvu mweupe, umeshika mmea mwingine, wa jamii ya mnyaa, na utomvu huo hudhuru macho.

Ukishaitambua, subiri maua yapukutike. Vaa glovu nene, chukua mkasi mkali. Ondoa matawi yaliyokufa, kisha yanayosuguana, halafu fupisha yaliyorefuka, ukikata juu kidogo ya jicho. Usiogope, kwa maana bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya. Ile isiyoguswa miaka mingi huwa miti mikavu na miiba chini, na maua machache huko juu.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, Yesu anamwita Baba yake mkulima. Wengi hupita haraka hapa: tawi linalopogolewa ni lile linalozaa. Na neno la Kigiriki alilotumia Mwinjili lina maana pia ya kusafisha. Ni kweli, tawi lisilozaa huondolewa. Lakini kazi hiyo ni ya mkulima, si ya tawi jingine.

Sasa tuingie nyumbani. Fedha za korosho zikiingia, ugomvi nao huingia. Kijana amekunywa fedha za magunia ya familia. Baba anasimama uani, majirani wakisikia: "Toka, wewe si mwanangu tena!" Huko ni kufyeka. Kupogoa ni kumwita faraghani, kumtajia kosa lenyewe bila kuchimbua ya miaka yote, kumwambia hatashika fedha msimu ujao, na kumtaka alipe kwa jasho lake shambani. Lakini chakula chake kiendelee kuwekwa, na mlango usifungwe.

Kunyamaza nako si upendo. Mzazi anayeogopa kusema anaacha miiba ikomae. Udongo uwahi ungali maji.

Nawe utachomwa. Hakuna apogoaye mti wa miiba asikwaruzwe. Huenda akakujibu vibaya, huenda akakutukana. Bwana wetu alivikwa taji ya miiba, na wale waliomvika aliwaombea msamaha.

Labda yupo ndugu, mwana au mwanajumuiya uliyemfyeka, na jina lake halitajwi tena nyumbani kwako. Shina lingali ardhini. Leo, baada ya Misa, mtafute kabla jua halijazama.

Dominika njema.