Utangulizi: Kipande cha Nyuma ya Jiko

Mwanafunzi wa kilimo ukimuuliza zao gani linazaa sana, atakujibu kwa tani na hekta. Kajibu sawasawa, lakini ninaowaandikia hawana hekta. Ni mwalimu aliyehamishiwa Yahuma, huku kwenye msitu wa Kongo, mama aliyetoka Kisangani kuanza maisha upya, kijana aliyepewa hatua kumi kwa kumi nyuma ya jiko. Wao wanauliza mengine: nini kitaingia chunguni, baada ya siku ngapi, na mbegu ya msimu ujao itatoka wapi.

Tuanze na mita mraba moja. Ukipanda muhogo hapo, baada ya mwaka hivi utachimba kilo moja, pengine mbili. Ukisia lengalenga, ule ambao wengine huuita mchicha, na udongo umekula samadi, kilo mbili hutoka ndani ya wiki sita, kisha unasia tena. Kwa hesabu ya siku lengalenga umeshinda. Kwa hesabu ya shibe haujashinda hata kidogo, maana jani karibu lote ni maji, na aliyelala na mboga tupu hashiki jembe asubuhi. Elimu hii ya kuchagua mazao imejaa ugomvi huo kati ya haraka na shibe, na sura zote za kitabu hiki zinaurudia.

Nikishikwa shati nitaje zao moja kwa anayeanza, nataja kiazi kitamu. Marando, yaani mashina yake ya kupanda, unayaomba kwa jirani, huuziwi. Matembele, ndiyo majani yake, yanachumwa mapema, viazi vinafuata mwezi wa nne au wa tano. Ila usiwe na pupa: anayechuma majani kila siku atakuta mizizi myembamba kama mkia wa panya.

Muhogo ni akiba. Unakaa ardhini ukikungoja, na wakati huo unakupa sombe, pondu kwa wasemao Kilingala. Adui yake ni batobato, virusi vinavyoyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Virusi hivyo vinaletwa na inzi weupe, lakini mara nyingi tunavileta wenyewe, kwa kukata vipande kwenye shina lililokwisha kuugua. Kagua mama kabla ya kumchukua mtoto. Zipo aina zinazostahimili, mojawapo wakulima wa Kongo wameipa jina la Obama. Na ukipewa muhogo mchungu, uloweke siku kadhaa kabla ya kuula, kwa sababu uchungu huo ni sumu.

Udongo wetu unadanganya. Mgeni anaona miti mikubwa, anadhani ardhi ni nono. Rutuba nyingi imo ndani ya miti yenyewe na kwenye majani yanayooza juu juu. Chini udongo ni mchachu, umesuguliwa na mvua zinazokaribia milimita 1,800 kwa mwaka. Ukifyeka na kuchoma, majivu yanakupa misimu miwili au mitatu mizuri, kisha unyamavu. Ndiyo maana nasema nyuma ya jiko: pale ndipo yanapoangukia majivu, maganda na mavi ya mbuzi. (Mbuzi mwenyewe abaki nje ya ua. Sijaona mdudu anayemshinda kwa uharibifu.)

Nami nilidanganyika. Bustani yangu ya kwanza niliijaza maharagwe yaliyotoka milima ya Kivu, mbegu safi, zinang'aa. Zilistawi, zikachanua, kisha zikaoza huku nazitazama. Zilizoea baridi ya juu. Bonde letu la Kongo hapa halifiki hata mita 600 juu ya bahari, na joto lake ni la unyevu. Kunde nilizozidharau kwa jirani ziliendelea kuzaa.

Msomaji asidhani ujuzi wote unatoka ng'ambo. Huko Yangambi, chini ya Kisangani kwenye mto Kongo, kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1933, na leo kiko chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Ndizi iitwayo Yangambi Km 5 ina jina la mahali hapo, nayo inastahimili ugonjwa wa sigatoka nyeusi unaounguza majani ya migomba. Wengine huiita Ibota Bota, kwa wingi wa machipukizi yake. Imesafiri hadi Kagera, Tanzania, ambako wakulima waligawiwa miche yake migomba yao ilipodhoofika.

Kwa hiyo kabla hujafungua sura ya kwanza, toka nje. Pima kipande chako kwa hatua, angalia maji ya mvua yanasimama wapi, halafu nenda kwa jirani mwenye bustani umuulize alipanda nini mvua iliyopita na nini kilimfia. Rudi na marando.