Taiming ya pampu: dizeli iingie lini?

Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2, haina kompyuta ya kuamua dizeli iingie lini. Kazi hiyo ni ya pampu inayozungushwa na mkanda wa taiming, ndiyo maana mwenye gari anaweza kuirekebisha hata uani kwake.

Dizeli ikichelewa, pistoni huwa imeshaanza kushuka. Nguvu hupungua na joto hupotelea kwenye ekzosi pamoja na moshi. Ikiwahi mno, injini hugonga na gasketi ya silinda hedi huwa hatarini.

Fundi makini hategemei sikio tu. Hufungua kizibo nyuma ya pampu na kuingiza geji ya mshale. Huirudisha kranki nyuma mpaka mshale utulie, huuweka kwenye sifuri, kisha huipandisha pistoni ya kwanza juu kabisa na kusoma. Kipimo kisipolingana na kitabu cha injini hiyo, hulegeza nati za pampu na mabomba ya nozeli, akaigeuza pampu kidogo mno, akapima tena.

Injini ikiwaka, mkono usikaribie bomba linalovuja: dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Tena nozeli chakavu na chujio lililoziba vitangulie kushughulikiwa, maana ulaji mkubwa wa mafuta unaoletwa navyo hauondolewi na taiming.