Mizani ya Mguso na Maumivu ndani ya Ugwe Mgongo

Ugwe mgongo, yaani kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili za uti wa mgongo, kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa njia tu ya kupitishia habari kwenda kwenye ubongo. Lakini uchunguzi wa seli zake umedhihirisha kwamba habari za mguso na za maumivu huanza kupimwa humo humo, kabla ubongo haujatambua lolote.

Habari hizo huletwa na nyuzi za neva zinazotofautiana kwa unene na kasi. Nyuzi nene, zilizovikwa ala ya mafuta inayoharakisha mwendo wa umeme wa neva, huleta mguso mwepesi kwa kasi inayozidi mita 30 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zenye ala hafifu huleta maumivu makali ya kwanza. Na zile nyembamba kuliko zote, zisizo na ala kabisa, huleta maumivu ya kuunguza kwa mwendo wa takriban mita 1 kwa sekunde, ndiyo maana aliyejikwaa kidole cha mguu huhisi kwanza mchomo, kisha, punde kidogo, maumivu mazito yanayodumu.

Nyuzi hizo hukutana na nyuroni, yaani seli za neva, katika pembe ya nyuma, ambayo ni upande wa nyuma wa eneo la kijivu la ugwe mgongo. Mwaka 1952 mwanasayansi wa Sweden, Bror Rexed, alionyesha kwa kuchunguza paka kwamba seli za eneo hilo zimepangika kwa matabaka. Nyuroni nyingi za tabaka la kwanza huitikia vitu vinavyoweza kudhuru, na zile za tabaka la tatu na la nne huitikia zaidi mguso mwepesi; bali katika tabaka la tano zimo nyuroni zinazoitikia vyote viwili, zikitoa mapigo machache ya umeme ngozi inapopapaswa, na mengi zaidi inapofinywa.

Nyuroni hizo huweka pia athari ya yaliyopita. Nyuzi zisizo na ala zikichochewa mfululizo, mwitikio wa nyuroni hukua kila mara ingawa kichocheo ni kilekile, kwa kuwa baadhi ya vipokezi vya glutamati, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli, huwa vimezibwa na magnesi, na ujumbe unapofululiza kizibo hicho husukumwa nje, kalsiamu ikaingia, na seli ikawa nyepesi kuamshwa. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha katika panya kwamba jeraha la mwili huweza kuubadilisha mwitikio wa ugwe mgongo wenyewe, jambo linalosaidia kueleza kwa nini hata nguo ikigusa ngozi nzima iliyo kando ya kidonda huweza kuuma.

Mizani ya mguso na maumivu huweza pia kuelemea upande wa nafuu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango, iliyosema kwamba ujumbe wa nyuzi nene huweza kupunguza ujumbe wa maumivu unaoendelea kwenda juu. Na ingawa baadhi ya maelezo yao yamerekebishwa, imethibitika kwamba pembe ya nyuma ina nyuroni za kuzuia, zinazotumia kemikali za GABA na glisini, na kwamba ubongo nao hushusha amri za kupunguza au kuongeza maumivu. Ndipo panapoeleweka kwa nini mtu aliyegonga kiwiko hukisugua mara moja bila kufundishwa.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na kweli hakuna awezaye kuyahisi maumivu ya mwenzake. Lakini kwa kuwa maumivu huweza kuacha athari katika seli za ugwe mgongo, mgonjwa anayelalamika baada ya kidonda chake kupona hastahili kuambiwa kwamba anajidekeza, bali anastahili kusadikiwa na kutibiwa.