Utukufu wa Bwana (3): Kutoka Hekaluni

Rwanda ilipofunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka 2024 kwa kutotimiza masharti ya usalama, usafi na kuzuia kelele, waumini wengi waliuliza watasali wapi. Aliyelijibu swali hilo kwa kina kuliko wote ni nabii Ezekieli.

Sehemu iliyopita iliishia Sinai, Musa akiomba auone utukufu. Sasa ni Babeli. Ezekieli, kuhani, alihamishwa mwaka 597 K.K. pamoja na mfalme Yekonia, akakaa kando ya mto Kebari, mbali na hekalu la Yerusalemu alilozaliwa alitumikie. Katika mwaka wa tano wa uhamisho alifunuliwa viumbe hai wanne, magurudumu yaliyojaa macho, na kiti cha enzi kama yakuti samawi. Wasomaji hushangazwa na yale macho. Wangeyatazama zaidi magurudumu: kiti cha Mungu kinatembea!

Kinatembea kwenda wapi? Sura ya 8 hadi ya 11 zinasimulia. Ndani ya hekalu wazee 70 wanafukizia uvumba sanamu za ukutani, wanawake wanamlilia mungu wa kipagani Tamuzi, wanaume wapatao 25 wamelipa hekalu kisogo na kulisujudia jua. Ndipo utukufu unapoondoka, tena bila haraka. Unatoka juu ya makerubi hadi kizingitini. Unasimama kwenye lango la mashariki. Kisha unahamia mlima ulio mashariki ya mji. Hekalu likabaki wazi, ibada zikiendelea, mpaka Wababeli walipoliteketeza mwaka 586 K.K. Nao waliofukuzwa wakaahidiwa kwamba Mungu mwenyewe atakuwa patakatifu pao hukohuko ugenini.

Rwanda yenyewe ilishuhudia Mungu akikutana na watu nje ya majengo ya ibada. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi walisoma Biblia na kusali pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walitubu hadharani, wakarudisha vya wizi, wakapatana na waliokosana nao. Mengi ya hayo yalifanyika nyumbani kwa watu na chini ya miti.

Masharti ya serikali ni ya haki, kwani paa bovu huua. Lakini mchungaji anayewachangisha maskini anunue vipaza sauti, huku hajapatana na mzee wa kanisa lake, amewageuzia kisogo watu wa Mungu.

Sehemu ijayo itaingia sura ya 43, mwaka wa 25 wa uhamisho, utukufu unaporudi kutoka mashariki.