Mchezaji Aliyehama Mchezo

Apitaye Nyahanga, mjini Kahama, wakati wa jioni, atawakuta vijana wakiukimbilia mpira wa aina moja tu, nao ni kandanda. Hatusemi kwamba ni vibaya. Lakini yafaa wahusika waitazame safari ya Daniel Adongo, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1989.

Raga ilimfikisha Adongo New Zealand, ambako aliichezea Counties Manukau na, mwaka 2011, Blues ya Auckland. Julai 2013 klabu ya Indianapolis Colts ya Marekani ilimwandikisha, hali hajapata kucheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL.

Wapo wadhanio kuwa michezo hii ni ndugu wa damu, kwa kuwa mpira wake una umbo la yai. Undugu huo ni wa mbali sana. Katika raga ni marufuku kumrushia mwenzio mpira mbele. Kwa Wamarekani mrusho huo ndio roho ya mchezo. Katika raga mtu akiangushwa mchezo huendelea. Kwao filimbi hulia, kila mmoja hurudi mahali pake, na timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Tena, na hili ndilo gumu zaidi, katika raga ni kosa kumzuia asiye na mpira. Adongo alipewa kazi ya ulinzi nyuma ya mstari wa mbele, mahali ambapo majitu humkabili mtu kwa mikono na mabega kabla hata hajauona mpira. Alilazimika kuyasahau aliyofunzwa tangu ujana, na kuyasahau upesi.

Mechi alizocheza zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2015 klabu iliachana naye. Watakaosema alishindwa hawakosi. Sisi twauliza: ni wangapi waliofika hapo baada ya kuanza wakiwa na miaka 23?

Hata kwetu, Hashim Thabeet aliuanza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Na wasomaji wetu wa Ukerewe na visiwa vingine, ambao mara nyingi huambiwa kuwa wako mbali na kila kitu, wakumbuke timu ya Samoa Magharibi, kutoka visiwa vidogo vya Pasifiki, iliyokwenda Cardiff mwaka 1991 ikaifunga Wales 16 kwa 13 katika Kombe la Dunia.

Kijana asiyechaguliwa katika timu ya kandanda hurudi kijijini kwao bila mtu kuandika kwamba ana mbio au anaruka juu kuliko wenzake. Twawaomba maafisa wa michezo wa wilaya, michezo ya UMISSETA ijayo ikifika, wapime na kuandika kimo, mbio na miruko ya kila mwanafunzi, wakianza na wale walioachwa.